Nyumba ya Rumonge na mtoto waliyemgombania

Zamu yangu ya historia imefika, na nimechagua kwetu, Rumonge. Najua wapo watakaouliza Rumonge ina historia gani zaidi ya mawese na ndagala. Subirini kidogo.

Mtu akitaja magofu, tunaosoma Kiswahili tunawaza Kilwa Kisiwani, Gede, au Kaole pale Bagamoyo: kuta za mawe, msikiti usio na paa, mti umeota katikati ya nyumba ya watu. Gofu la leo halina hata jiwe la kupigia picha. Ni nyumba ya mapadre iliyosimama Rumonge kuanzia Julai 1879 hadi Mei 1881. Hata miaka miwili haikufika. Ndiyo misheni ya kwanza ya Kikatoliki katika nchi tunayoiita Burundi leo, na ilianguka kwa ugomvi juu ya mtoto mmoja.

Nianze na watu wenyewe. Mwaka 1868 askofu mkuu wa Algiers, Mfaransa aliyeitwa Charles Lavigerie, alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika. Watu wakawaita Mapadre Weupe. Wengi tunadhani ni kwa sababu ya ngozi, kumbe ni nguo. Lavigerie aliwaamuru wavae kama wenyeji wa Algeria: kanzu nyeupe, joho jeupe, na rozari shingoni. Aliwaamuru pia wale chakula cha wenyeji, wajifunze lugha yao, na wasikae chini ya watatu katika kituo kimoja. Hebu fikirini walivyoonekana huku kwetu. Mtu wa Ujiji akimwona kwa mbali mzungu mwenye kanzu nyeupe na tasbihi shingoni, lazima alisema kimoyomoyo, huyu naye ni Mwarabu wa wapi?

Msafara wa kwanza uliondoka Bagamoyo katikati ya 1878, kumi kwa idadi bila kuhesabu wapagazi. Njia ilikuwa ile ile ya pembe za ndovu na watumwa: Bagamoyo, Ugogo, Tabora, Ujiji. Padre Pascal, aliyekuwa mkubwa wa kundi la Tanganyika, alifia njiani mwezi wa nane. Huko Unyanyembe wakagawanyika, wengine wakaelekea Buganda na wengine wakaendelea magharibi. Kundi la ziwa sasa liliongozwa na Padre Toussaint Deniaud, na Januari 1879 walifika Ujiji.

Ujiji ya wakati ule si ya kudharau. Ilikuwa soko kubwa la ziwa. Mkubwa wa wafanyabiashara pale alikuwa Muinyi Kheri, mtu wa pwani ambaye mizizi yake kibiashara ilienea pande zote za ziwa. Chumvi ilitoka Uvinza, pembe zilitoka Manyema, mawese na vyakula vilitoka pande za kwetu Urundi kwa mitumbwi. Na watu pia waliuzwa. Wengi wao walikuwa watoto, kwa sababu mtoto ni rahisi kumbeba na hawezi kutoroka mbali. Waingereza wa London Missionary Society walikuwa wamekwisha kufika Ujiji tangu 1878. Wakatoliki hawakutaka kubanana nao, na hawakutaka pia kukaa chini ya kivuli cha soko lile. Wakatafuta mahali kaskazini, panapofikika kwa mtumbwi, penye ardhi ya kulima. Wakachagua Rumonge.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu ziwa, kwa sababu kuna watu wakienda likizo wanatafuta "mahali penyewe" ufukweni. Msihangaike. Mwaka 1878 maji ya Tanganyika yalikuwa juu sana kupita tunavyoyajua sisi, mpaka yakabomoa kizuizi cha mchanga na majani kwenye mto Lukuga, upande wa Kongo, na kuanza kutoka kwa nguvu kuelekea mto Kongo. Kuanzia hapo ziwa lilishuka na kushuka, karibu mita 10 hadi kufikia 1894. Mita 10 kwenda chini, ndugu zangu, pwani ikiwa tambarare kama Imbo, ni uwanja mzima wa nchi kavu mpya. Baadaye, miaka ya 1960, maji yakapanda tena, na miaka hii ya karibuni mmeona wenyewe picha za nyumba za Rumonge na Gatumba zikiwa zimezama hadi madirishani. Kwa hiyo ukingo wa maji ambao Deniaud aliteremkia kutoka mtumbwini haupo tena mahali pake. Na nyumba za misheni za miaka ile ya mwanzo zilikuwa za udongo, miti na nyasi, kama nyumba nyingi tulizojenga sisi Nyarugusu. Mnajua nyumba ya hivyo ikikosa mtu wa kuikandika inamaliza masika mangapi.

Nyumba yenyewe ilikuwa na kazi gani? Kusali, ndiyo, na kujifunza lugha. Lakini mapadre hawa walikuwa na mpango mwingine ambao ndio ulioamua kila kitu. Lavigerie aliona kwamba wakubwa ni vigumu kuwabadilisha, basi wachukue watoto. Walikuwa wakienda sokoni na vitambaa na shanga, wanawanunua watoto waliokuwa watumwa, wanawaleta misheni, wanawalea, wanawafundisha. Wao waliita kukomboa. Kituo kinakuwa kama kijiji: mapadre, wasaidizi, na watoto ambao hawana ukoo pale.

Nimefikiria sana neno hili, kukomboa. Kwa Kiswahili ni neno zuri, tunalitumia hata kwa nchi. Lakini ndani yake kuna bei. Ukikomboa shamba lililowekwa rehani, kuna mtu umempa kitu mkononi. Yule muuzaji wa Ujiji hakujali kanzu ya mnunuzi. Alipokea kitambaa chake akarudi kutafuta mtoto mwingine. Hata wakati ule walikuwepo watu waliosema kwamba kununua ili kuwapa uhuru kunalisha soko lile lile. Mimi sina haraka ya kuwahukumu. Kama umesimama mbele ya mtoto wa miaka sita aliyefungwa kamba, na una kitambaa mkononi, utafanya nini? Utamwambia asubiri tuimalize biashara yote kwanza? Lakini tatizo haliondoki kwa sababu moyo ni mwema. Kwa majirani wa Rumonge, nyumba ile ilikuwa mahali ambapo wageni wanakusanya watoto. Walitoa mali, kwa hiyo wakawa na watoto. Tofauti ya mapadre na tajiri wa Ujiji ilikuwa wazi kwa mapadre wenyewe. Sidhani kama ilikuwa wazi hivyo kwa aliyekuwa anatazama kutoka upande wa pili wa kijito.

Na nani alikuwa na amri pale? Mwami wa Burundi alikuwa Mwezi Gisabo, lakini yeye alikuwa juu milimani, mbali. Huku chini Imbo wakubwa wa sehemu waliamua mengi wao wenyewe, huku wakiangalia pia upepo wa Ujiji unavuma vipi. Kwa hiyo mapadre walikaa mahali pasipo na serikali moja ya kukimbilia. Walikuwa na wasaidizi wenye bunduki, wazungu waliowahi kuwa askari wa Papa huko Roma, waliokuja na msafara wa pili mwaka 1879. Mmoja wao aliyekuwa Rumonge ni Mbelgiji, Félix d'Hoop. Angalieni basi: nyumba ya sala, yenye watoto walionunuliwa, yenye mlinzi mwenye bunduki. Sisi tunaoishi ndani ya uzio wenye mlinzi getini tunajua kwamba uzio unasema kitu kwa waliomo, na kitu kingine kabisa kwa walio nje.

Majirani waliogombana nao wanaitwa Wabikari katika maandishi ya mapadre. Ugomvi ulikuwa juu ya mtoto wa misheni. Upande mmoja ulisema mtoto ni wetu, tumemkomboa, yuko chini ya paa letu. Upande wa pili ulisema mtoto ni wetu. Maneno hayakumaliza. Tarehe 4 Mei 1881 watu wakashika silaha, na siku hiyo waliuawa Padre Deniaud, Padre Augier na d'Hoop. Watatu. Waliobaki hawakuweza kuendelea pale, wakavuka kwenda upande wa magharibi wa ziwa, Mulweba, ambako wenzao walikuwa wamefungua kituo kingine. Nyumba ya Rumonge ikaachwa kwa mvua.

Majina ya watu wazima watatu yako katika kila kitabu cha historia ya Kanisa la Burundi. Mtoto anatajwa kwa neno "mtoto".

Sasa naomba mniruhusu niache 1881 kidogo, kwa sababu hii ndiyo sababu ya mimi kuandika.

Mei 2015 nilikuwa na miaka tisa. Tulitoka Rumonge usiku, kwa boti. Mama alibaki nyuma na mdogo wangu aliyekuwa na homa kali, akanikabidhi kwa jirani yetu, akasema tunafuata kesho. Tukateremka Kagunga, Tanzania. Mliopita Kagunga sina haja ya kuwaeleza: kijiji kidogo chini ya mlima, njia ya kweli ni ziwa tu, na watu kwa makumi elfu wamelala ufukweni, kipindupindu kimeanza. Kila aliyeuliza, jirani alijibu, "Huyu ni wangu." Alisema hivyo ili tusitenganishwe kwenye foleni ya meli. Tukapanda Liemba mpaka Kigoma, tukapelekwa uwanja wa mpira. Pale akatokea binamu ya marehemu baba. Akaniona, akalia, akasema, "Huyu mtoto ni wa ukoo wetu, anakuja na mimi." Jirani akasema, "Mama yake amenipa mimi mkononi." Walikuwa watu wema wote wawili, nataka hilo lieleweke. Lakini pia wote wawili walijua kwamba kichwa kimoja kwenye kadi ya mgao ni unga, ni maharage, ni blanketi. Mambo haya mawili yanaweza kukaa ndani ya moyo mmoja bila kugombana.

Sauti zilianza kupanda. Dada aliyekuwa anaandika majina akaweka kalamu chini, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu, akauliza kwa Kirundi kibovu sana, "Wewe mwenyewe unataka kulala wapi?"

Nikamwonyesha jirani. Mkitaka kujua kwa nini, si kwa hekima yoyote. Ni kwa sababu yeye ndiye aliyebeba begi langu la shule. Binamu ya baba akanuna, lakini jina lake pia likaandikwa, na namba ya hema lake, na maelezo kwamba mama yupo na anatafutwa. Mama alinipata Nyarugusu baada ya wiki kumi na moja, kwa karatasi ile.

Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, mnaijua karatasi hiyo, na mnaichoka. Maswali mengi, sahihi nyingi. Mtoto ametoka wapi, na nani, nani anasema ni wake, mtoto mwenyewe anasemaje, turudi tena lini kuangalia. Hata sisi tunaisema vibaya kwenye foleni. Lakini nilipoisoma habari ya Rumonge mara ya kwanza, kwenye simu ya kuazima, niliiona ile karatasi. Niliona mahali ilipokosekana. Hakuna aliyechuchumaa. Labda mtoto yule angeonyesha mapadre. Labda angeonyesha watu wa ng'ambo ya kijito. Labda angeonyesha yeyote aliyebeba kitu chake. Na sisemi jibu la mtoto lingezuia silaha. Mimi mwenyewe pale uwanjani, kama yule dada asingekuwa na polisi wawili nyuma yake na orodha mkononi, chaguo langu lisingekuwa na nguvu yoyote.

Nirudi kwa mapadre. Baada ya Rumonge hawakukata tamaa na ziwa, walihama tu. Mwaka 1883 walianza Kibanga, upande wa Fizi, karibu na rasi ya Ubwari. Wale wa kambi ya Lusenda mko karibu na huko. Kijiji kikubwa cha watoto na familia kilikua pale, nacho kikaachwa miaka kumi baadaye, kwa magonjwa na kwa hofu ya Rumaliza, yule tajiri wa Ujiji aliyeitwa Muhammad bin Khalfan. Upande wa kusini-mashariki mwa ziwa walipewa ngome ya Wabelgiji ya Karema mwaka 1885, na Karema ikadumu. Ndani ya Burundi hawakufanikiwa kutulia mpaka 1898 walipoanza Muyaga, kisha Mugera mwaka 1899. Tazameni ramani: zote mbili ziko mbali na maji. Ukatoliki wa Burundi unasimuliwa kama habari ya milima, Mugera, Gitega, na wengi wetu tumekua tukidhani huku Rumonge ni kwa Waislamu tangu mwanzo na dini nyingine zilishuka baadaye. Kumbe hatua ya kwanza iliwekwa mchangani, katika mji wa Waswahili.

Kuna mtoto mwingine wa kukombolewa ambaye jina lake halikupotea. Bibi yangu ndiye aliyenipa habari zake, kabla sijazisoma popote. Bibi alitoka Rumonge mwaka 1972, mwezi wa tano, baada ya vita kuanza pale Aprili 29 na mauaji kufuata. Naye alivuka kwa mtumbwi. Alipelekwa makazi ya Katumba, karibu na Mpanda, akalima huko miaka zaidi ya thelathini. Kutoka Mpanda ukishuka ziwani unafika Karema. Wazee wa huko walimsimulia juu ya daktari mweusi, Adrien Atiman. Alizaliwa pande za Timbuktu, akaibiwa akiwa mdogo, akavushwa jangwa la Sahara, na mwaka 1876 Mapadre Weupe wakamnunua huko Algeria. Wakamsomesha udaktari Malta. Alifika Karema 1889 na hakuondoka tena, alitibu watu pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Alioa pale, akazeeka pale. Hata Dar es Salaam kuna nyumba ya mapadre yenye jina lake, Atiman House.

Bibi alipenda sana habari hiyo, na nilipomsomea ya Rumonge kwa simu hakufurahi. Alisema, "Hao nao walinunua mtoto wa watu." Nikamwambia, "Bibi, lakini ndio hao hao wa Atiman." Akanyamaza, halafu akasema, "Basi mama yake Atiman alikufa bila kujua mwanawe ni daktari." Sikuwa na la kujibu. Bibi mwenyewe alipoteza mtoto mmoja njiani mwaka 1972. Hakufa, alipotea, kati ya kundi lililopanda mtumbwi wa kwanza na lililopanda wa pili. Hakuwahi kukubali mtu aseme "marehemu".

Pwani ile haijawahi kupumzika. Sisi tunavuka kwenda, wengine wanavuka kuja. Januari 2018 Wakongomani kwa maelfu walitua Rumonge kutoka Fizi, wakikimbia mapigano, na waliopokea ni watu wale wale ambao nusu ya ukoo wao uko Nyarugusu, Nduta au Nakivale. Wengine waliteremka na watoto wasio wao. Rafiki yangu wa Rumonge aliniambia mama mmoja alishuka kwenye boti na watoto saba, akaulizwa wangapi ni wake, akajibu, "Leo wote."

Sasa ombi langu. Kama una babu au bibi wa Rumonge, Minago, Kigwena au Nyanza-Lac, muulize kama jina Bikari linamwambia kitu: ukoo, kilima, mtu, chochote. Usimwongoze, muulize tu halafu nyamaza. Tuma sauti, hata kwa Kirundi, nitaandika mimi. Bibi yangu nimekwisha kumuuliza. Alisema hajui, halafu akaniuliza yule mtoto alikuwa na miaka mingapi.